Mtandao wa kupazia sauti si wa kuwekea siri

Kila uchaguzi unapokaribia, au kiongozi anapotoa kauli ya kuudhi, utasikia watu wanaitana: "Jamani tuhamie Telegram, huko hawatuoni." Wiki mbili baadaye ni Signal. Wengine wanaapa kwamba uhuru wote uko X, iliyokuwa Twitter. Ukiuliza uhuru upi, wa kusema au wa kutoonekana, unaambiwa unaleta ubishi. Mimi naona ubishi huo ni wa lazima, maana mtandao unaokupa sauti kubwa ndio huo huo unaokuanika.

Chukua X. Kwa kusema, ukanda wetu huu hauna uwanja unaoifikia. Wakenya walipoukataa Muswada wa Fedha Juni 2024, hoja zilikuwa zinapikwa pale na TikTok, na Julai Rais Ruto mwenyewe akaingia kwenye Space, mazungumzo ya sauti ya moja kwa moja humo X, kuulizwa maswali na vijana. Hilo huwezi kulifanya WhatsApp. Lakini ulichoandika X kinasomwa na rafiki, adui, bosi wako na askari wa kitengo cha makosa ya mtandao, tena kinatafutika hata miaka mitano baadaye. Elon Musk alitoa dola bilioni 44 kuinunua mwaka 2022 akijinadi kuwa mtetezi wa uhuru wa kusema. Sawa. Ila akaunti haifikishwi mahakamani, anayefikishwa ni wewe.

Facebook sitaiongelea sana. Yule kijana wa Arusha aliyepewa adhabu ya faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka mitatu mwaka 2016, kwa kumtusi Rais, aliandika Facebook. Na kampuni iliyoacha taarifa za watu hadi milioni 87 zifike mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa, ambao kampeni za Kenya nazo walizigusa, haina la kunifundisha kuhusu faragha.

Penye matatizo ni WhatsApp, kwa sababu ndiyo tunayoiamini. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya uliyemtumia, na Meta, wenye WhatsApp, hawausomi njiani. Hapo sina ugomvi nao. Wanachokijua ni unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, na hicho pekee kinatosha kumwambia mtu mengi. Halafu kuna nakala. Wengi wetu tumeruhusu meseji zihifadhiwe Google Drive ili tukibadilisha simu tusizipoteze, na nakala hiyo haifungwi kwa namna ile mpaka uwashe mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya gumzo, kisha hifadhi nakala, uangalie kama pale kwenye usimbaji, yaani huko kufunga ujumbe, pamezimwa. Ninaoonyesha, karibu wote pamezimwa.

Ila hata ukiwasha, bado kuna magroup. Unalijua lile la kamati ya harusi. Lilifunguliwa kwa ajili ya michango, watu wakaingia kwa link, wajomba, majirani, mpiga picha, kijana wa keki. Harusi ikapita, maharusi wana mtoto wa pili sasa, group bado lipo. Limegeuka kuwa la siasa, mpira na dawa za presha. Jioni moja mtu anatupa voice note ya dakika tatu akimchambua diwani, matusi mawili matatu humo ndani. Kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, diwani anayo. Hakuna aliyedukua kitu. Mpiga picha ni shemeji yake diwani. Group linaweza kubeba watu 1,024, na siri ya watu 1,024 hiyo ni mkutano wa hadhara.

Na Telegram inayosifiwa? Mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi mwanzo hadi mwisho, yanakaa kwenye mitambo yao. Ukitaka usiri wa kweli lazima ufungue gumzo la siri, la watu wawili tu, na kwa group halipo kabisa. Pavel Durov, mwanzilishi wake, alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na mwezi uliofuata kampuni ikasema itakabidhi namba za simu na anwani za IP, zile zinazotambulisha kifaa mtandaoni, za wavunja sheria mamlaka zikileta ombi halali. Telegram ni nzuri kwa kurusha tangazo kwa watu laki moja. Kwa siri, hapana.

Signal ndiyo naiamini. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa Marekani waliitaka itoe taarifa za mteja, nayo ikatoa tarehe mbili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa. Haikuwa na zaidi ya hapo. Kasoro yake ni kwamba shangazi hayupo, fundi hayupo, na kusema na ukumbi mtupu si kusema. Pia inataka namba ya simu ili ujisajili, na Tanzania namba inasajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha NIDA. Tangu 2024 unaweza kutumia jina badala ya namba ili wenzako wasiione. Fanya hivyo.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni kilichotokea Mei 2025, X ilipofungwa Tanzania. Serikali ilitaja picha za ngono zinazoruhusiwa humo. Watu hawakuacha kusoma X, walipakua VPN, programu za kupita kufuli la mtandao, wengi za bure, ya kwanza iliyojitokeza Play Store. VPN inapitisha kila unachofungua kwenye mitambo ya mtu mwingine. Onavo nayo ilikuwa VPN ya bure, ikijitangaza kulinda watu, kumbe ni mali ya Facebook na ilikuwa inakusanya wanachofanya watumiaji kwenye simu zao, mpaka ilipofungwa 2019. Hiyo angalau mwenyewe alijulikana. Hii uliyonayo sasa ni ya nani? Fungua ukurasa wake uangalie jina la kampuni, na kama hulioni au hulielewi, ifute, ununue ya kulipia. Na ukumbuke kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, tangu Oktoba 2023 inataka anayetumia VPN ajitambulishe kwake.