Usiku Tuliopigwa Mawe Sebuleni

Mama alifika Pennsylvania kutoka Tanga katikati ya Oktoba, majani yakipukutika kila upande. Mti mmoja tu uani ulikuwa unatoa maua: hamamelisi wangu, petali nne nne za njano, nyembamba, zimejisokota kama maganda ya ndimu. Nikamkatia matawi matano, nikayatia kwenye chupa ya maua, nikaiweka juu ya meza iliyo karibu na hita ili harufu isambae.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikuwa najua. Jina lenyewe la Kigiriki linaonya: hama ni "pamoja", melon ni "tunda". Ua la Oktoba hupokea chavua, lakini utungisho husubiri hadi Mei, na tunda hukomaa Oktoba nyingine. Kwa hiyo tawi hubeba maua ya mwaka huu na vitunda vya mwaka jana, vigumu kama kokwa, urefu wa sentimita moja na ushei. Ndani mna mbegu mbili nyeusi zinazong'aa. Kitunda kikikauka hupasuka ncha, ukuta wa ndani husinyaa na kuzibana mbegu, nazo huchomoka jinsi kokwa ya chungwa inavyochomoka vidoleni. Zinaweza kufika mita 9. Sebule yangu ina mita 5.

Saa nane usiku: pa! Dirisha. Pa! Sufuria jikoni. Nikatoka, nikamkuta Mama amejitanda kanga, anasoma Ayatul Kursi.

"Mwanangu, tunapigwa mawe."

Kwetu mawe ya usiku hayarushwi na watoto. Nikamwambia ni mti tu.

"Mti gani huo?"

Kwa upumbavu wangu nikasema: witch hazel. Mama amefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini. Nikakimbilia kueleza kwamba witch hiyo haimaanishi mchawi, ni neno la kale la Kiingereza la kitu kinachopindika kirahisi.

"Na mchawi lini alinyooka?"

Mbegu ikanipiga sikioni.

Kilichotuokoa ni chandarua. Mama hasafiri bila chandarua, hata akiambiwa huko aendako mbu wamekufa kwa baridi. Tukakifunika juu ya chupa, tukafunga chini kwa mkanda wa koti, tukalala. Asubuhi nilikuta mbegu 31 zimenasa. Nyingine tuliziokota ndani ya viatu, na moja kwenye bakuli la sukari.

Nilichotakiwa kufanya ni kuvichuma vitunda mapema, vinapoacha ukijani na kuanza kuwa kahawia, kabla ncha hazijafunguka, na kuvitia kwenye mfuko wa karatasi uliokunjwa mdomo na kubanwa. Plastiki huleta ukungu. Au kufunga kitambaa chepesi kwenye tawi likiwa bado mtini, jambo ambalo Mama alilifanya bila kusoma kitabu chochote.

Mbegu nilizitumbukiza majini. Nyingi zinazoelea huwa tupu au zimeliwa na fukusi. Zilizozama nikazichanganya na mchanga wa unyevu, ule ambao ukiuminya hautoi tone, nikaziacha miezi 2 kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hivi, kisha miezi 3 kwenye friji, nyuzi 4. Friji, siyo friza. Wengi huruka ile miezi ya joto, wakalaumu mbegu, kumbe imelala tu inangoja mwaka mwingine. Na hata ukifuata yote, nyingine zitalala vilevile. Ukipanda, kina cha sentimita 1.5 kinatosha, na weka wavu juu, maana kindi hawachelewi. Mche hutaka udongo wenye uchachu kidogo na maji ya kutosha Julai; ukikaukiwa, kingo za majani huwa kama zimeunguzwa na pasi. Ua la kwanza ni baada ya miaka kama sita.

Mama alirudi Tanga Novemba. Wiki iliyofuata akapiga simu: amekuta moja kwenye pindo la kanga, nyeusi, inang'aa. Nikamwambia Tanga haioti, hakuna baridi ya miezi mitatu.

"Friji nnayo."

Akanyamaza kidogo.

"Niiweke juu ya samaki au chini?"