Mwanafunzi wa Tartini ana jina lake

Tarehe 5 Machi 1760 Giuseppe Tartini, mwalimu mashuhuri wa fidla mjini Padua, Italia, alimwandikia barua binti mmoja wa Venice. Upinde uguse uzi kama pumzi, alimwambia, usiugonge kama nyundo. Na zoezi hilo alifanye angalau saa moja kila siku, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Barua ilichapwa mwaka 1770, mwandishi wa muziki Charles Burney akaitafsiri kwa Kiingereza, na wapiga fidla wanaisoma mpaka leo. Aliyeandikiwa ndiye aliyesahaulika.

Aliitwa Maddalena Lombardini, baadaye Sirmen. Hivi karibuni nilisikia ukumbini kwateti yake ya tano, yaani muziki wa ala nne: fidla mbili, viola na chelo, zote zikiwa na nyuzi za utumbo wa mnyama kama enzi zake. Inaanza polepole na kwa huzuni, inashika kasi, halafu ule mwendo wa polepole unarudi wakati msikilizaji ameshausahau. Niliketi wima.

Aliyeketi kando yangu hakuguswa. Wakati, alisema, ni chujio: Joseph Haydn, mtunzi wa Austria wa enzi hizohizo, amebaki kwa sababu ni mzito zaidi, na mama huyu anafufuliwa leo kwa kuwa ni mwanamke. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kwateti zake nyingi zina sehemu mbili tu, na zipo kurasa ambamo fidla ya kwanza inaimba huku wenzake wakisindikiza bila la kusema. Aliporudi Paris mwaka 1785, watu walewale waliomshangilia zamani waliona mtindo wake umechakaa. Hakungoja karne ipite ndipo asahaulike; alishuhudia mwenyewe.

Lakini chujio hupima kilichomiminwa ndani yake, na hapo ndipo ninapokwama. Lombardini alizaliwa mwaka 1745, akaingia Mendicanti akiwa na miaka saba. Hiyo ilikuwa moja ya nyumba za hisani za Venice zilizofundisha wasichana muziki wa hali ya juu kabisa, kisha zikawaweka nyuma ya vizuizi vya chuma wakiimbia wageni. Mlango wa kutokea ulikuwa ndoa au utawa. Fikiria fundi wa miaka ishirini na mmoja, aliyefundishwa na Tartini mwenyewe, ambaye ili apande jukwaani Paris lazima kwanza apate mume! Mwaka 1767 aliolewa na Lodovico Sirmen, naye mpiga fidla, na mwaka uliofuata wakapiga pamoja kwenye Concert Spirituel, maonyesho mashuhuri ya muziki ya Paris.

Kwateti sita zikachapwa Paris mwaka 1769, siku ambazo Haydn mwenyewe alikuwa bado analitafuta umbo la muziki huo. Jaladani kuna majina mawili, la mume na la mke. Wataalamu wengi leo wanaona ni kazi ya mke, ila jalada la namna hiyo lilitosha kumfanya msomaji wa baadaye adhani mume ndiye mtunzi na mke ni pambo. Koncheto zake, yaani muziki wa fidla moja inayoongoza okestra, hazikuwa na shida hiyo. Zilichapwa London kwa jina lake, na mwaka 1778 Leopold Mozart, baba wa mtunzi Mozart, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisifu moja kwa uzuri wa utunzi wake.

Kwa hiyo sidai kwamba anamshinda Haydn. Nadai kwamba hao wawili hawajawahi kupewa mizani moja. Haydn alipewa okestra ya kila siku na mwajiri aliyemlipa kwa miaka. Lombardini alilazimika kusafiri, na London akaishia kuimba opera, kazi ambayo sauti yake haikuimudu kama mikono yake ilivyoumudu upinde.

Nikitoka nilisoma tena karatasi ya onyesho. Alipewa mistari minne. Mitatu ilikuwa juu ya Tartini.