Maharage ya Mbeya Hayana Kosa

Mtu akihamia Mbeya kutoka Dar es Salaam, haichukui muda ataanza: maharage ya huku magumu, mkaa wa huku hauna moto. Maharage hayana kosa, na mkaa pia unasingiziwa. Shida ni kimo cha mji.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na mgandamizo wa hewa ulioyakalia juu. Pwani ni kwenye nyuzi 100. Ukipanda mlima mgandamizo huo hupungua, kwa hiyo kila mita 300 hivi, punguza nyuzi 1. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, maji hutokota kwenye nyuzi 94. Uwanda wa juu wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600, ni kama 91. (Kwa hiyo kipimajoto kikisoma 94 ndani ya maji yanayotokota, usikitupe. Ni kizima.) Nyuzi 6 zinaonekana si kitu, ila kinacholainisha punje ni joto kuyeyusha gundi inayoshikilia seli zake, na kazi hiyo huzorota haraka joto likipungua.

Kinachoniudhi ni kupepea mkaa. Maji yakishachemka hayapati moto zaidi, hata umwage gunia zima la mkaa. Molekuli za maji zimeng'ang'aniana, hidrojeni ya hii ikivutwa na oksijeni ya jirani, na kuziachanisha kunakula nishati kweli kweli. Kupasha lita 1 kutoka nyuzi 15 hadi 94 ni kilojuli 330 hivi. Kuigeuza yote mvuke ni zaidi ya 2,200, karibu mara 7! Sufuria likifoka, mkaa wako unapikia dari.

Loweka maharage usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Weka mapya, chemsha kwa nguvu nusu saa ya kwanza, hasa maharage mekundu, maana yana sumu inayohitaji joto la kuchemka ili ife. Halafu punguza moto, funika, lakini usiache maji yanyamaze kabisa. Vipovu viendelee kupanda. Nyanya na ndimu zisubiri punje ziive, kwa sababu asidi huikaza ile gundi. Maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu nayo hukaza, kwa kalsiamu yake. Hapo magadi husaidia, nusu kijiko cha chai kwa kilo. Ukizidisha, mboga inanuka sabuni.

Dawa hasa ni sufuria la presha: mvuke ukizuiwa, maji hupanda hadi nyuzi 117 hivi hapa hapa Mbeya. Safisha kitundu cha valvu kila unapopika, kwani ganda la harage hukiziba, na usijaze zaidi ya nusu.

Maji ya kunywa ni hadithi nyingine: nyuzi 94 zinaua vijidudu. Yakitokota sawasawa dakika 1, tosha. Juu ya mita 2,000, kama sehemu nyingi za wilaya ya Makete, yape dakika 3.