Ndege ya mbao iliyochelewa vita

Kila ikiguswa habari ya Ufaransa ya 1940, ilipopigwa na Ujerumani, lazima atokee mtu aseme Wafaransa walipigwa kwa sababu hawakujua kutengeneza ndege, Mjerumani alikuwa na teknolojia wao wana makopo. Mi hii stori hainiingii akilini kabisa, na sababu yangu ni kandege kamoja tu kanaitwa Arsenal VG-33.

Arsenal ilikuwa taasisi ya serikali pale Villacoublay, karibu na Paris, na hizo herufi VG ni Vernisse na Galtier, mainjinia walioichora. Wazo lao lilikuwa rahisi mpaka unashangaa: ndege ya kivita nyepesi, ndogo, karibu mwili mzima wa mbao, maana aluminiamu vita ikianza kila mtu anaigombania ila mbao na watu wa kuchonga mbao wapo. Najua mtu akisikia mbao anafikiria kiti cha baa, lakini plaiwudi ikibandikwa vizuri ni kitu kingine, Waingereza baadaye walijenga ndege yao ya kivita Mosquito kwa mbao na hakuna aliyecheka.

Sasa sikiliza. VG-33 iliruka mara ya kwanza Aprili 1939, na kwenye majaribio ikafika kama kilometa 558 kwa saa kwa injini ya Hispano-Suiza ya hospawa 860. Messerschmitt 109E, ndege ya kivita ya Mjerumani, ilikuwa na hospawa zaidi ya 1,000 na spidi zao hazipishani sana, yaani Mfaransa alipata mbio zilezile kwa injini yenye nguvu ndogo! Na haikuwa ya maonyesho, ilibeba mzinga wa milimita 20 unaopiga kupitia katikati ya propela, pamoja na bunduki za rashasha nne kwenye mabawa. Wakati huohuo rubani wa kawaida wa Ufaransa alikuwa anapewa Morane-Saulnier 406 ambayo ikijikamua sana inafika 486.

Kwahiyo shida haikuwa akili, shida ilikuwa kalenda. Ndege ya kwanza ya ukoo huu, VG-30, ilichorwa kwa ajili ya injini ya kampuni ya Potez, injini haikuwa tayari, wakasubiri weee mwisho wakaifunga nyingine ndo ikaruka Oktoba 1938. Oda ya VG-33, ndege 220, ikatoka Septemba 1939, vita imeshatangazwa, baadaye wakaiongeza mpaka ikapita 700, kana kwamba ukiandika namba kubwa ndege zinaota zenyewe.

Niliwahi kuagiza kabati kwa fundi fulani, mbao akazikata ndani ya wiki moja, kabati likasimama pale nje linapendeza, ila kila nikienda ananiambia tunasubiri bawaba tu bosi. Miezi miwili. Wafaransa nao ndo hivyohivyo, maana mwili wa mbao unaenda haraka lakini injini, propela na vifaa vingine vinatoka kwa watu wengine kabisa, na hao wana foleni ya ndege za kila aina. Tena haikuwa VG-33 peke yake, ndege nyingine za kivita za Kifaransa, Bloch 152, zilipelekwa jeshini nyingine hazina hata propela. Ufaransa inasalimu amri Juni 1940, VG-33 kama 160 hivi ziko karibu kumalizika, zilizopokelewa na jeshi ni za kuhesabu vidoleni, na mbili ndo ziliingia kwenye kikosi kimoja cha kuungaunga siku za mwisho kabisa.

Kuna watakaosema zingewahi Ufaransa ingeshinda. Hapana bwana, tusipelekane mbali. Vita ile iliharibikia ardhini, kwa majenerali, na hata Dewoitine 520, ndege nyingine ya kivita ya Ufaransa ambayo iliwahi kidogo, tarehe 10 Mei ilikuwa kwenye kikosi kimoja tu, ndege 36. Ninachokataa ni kuwaita wale mainjinia wa Villacoublay wajinga wakati huohuo walikuwa bado wanaiboresha, Mei 1940 wakarusha VG-39 yenye injini ya nguvu zaidi ikakaribia kilometa 625.

Ila inayoniuma zaidi ni dada yake, VG-36. Tarehe 13 Mei Wajerumani wamevuka mto Meuse pale Sedan, ndani ya Ufaransa, tarehe 14 ndege za Ufaransa na Uingereza zinadondoka moja baada ya nyingine zikijaribu kupiga madaraja yao, na siku hiyohiyo ya 14 ndo VG-36 inaruka kwa mara ya kwanza.