Mbili Kasorobo

Mie nilikuwa na jina, tena jina zuri, nimechinjiwa mbuzi kwa ajili yake. Leo liulizie Ngamiani, hapa Tanga, kuanzia Barabara ya 1 mpaka ya 21, hakuna atakayekufikisha kwangu. Uliza "Mbili Kasorobo", hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete mpaka mlangoni.

Chanzo ni saa ya ukutani. Msikiti wetu ulikuwa unapanuliwa, waumini tukaambiwa tutoe. Na kutoa kwenyewe kunapita kwenye kipaza sauti: fulani bin fulani, mifuko 20 ya saruji, takbir! Fulani bin fulani, feni nne, takbir! Mie nilikuwa nimetoa elfu mbili. Nikakaa vizuri, nikaweka kofia sawa, nikangoja zamu yangu. Mtangazaji akafika mwisho wa karatasi akasema, "Na wengineo." Wengineo hawana takbir. Mtu alikohoa tu kule nyuma.

Iliniuma. Unajua ukijilaza chali baada ya adhuhuri ukitazama dari, kila feni ina jina la aliyeitoa na la marehemu wazazi wake, kwa rangi ya mafuta. Unalala huku ukoo wa watu unakupepea. Nikasema, feni siiwezi, lakini saa? Nikaenda Mgandini nikachagua ile ya rangi ya dhahabu, nikamtafuta kijana anayeandika vibao, akaniandikia chini ya kioo: WAKFU WA, halafu jina langu, la baba na la babu. Maandishi yakazidi tarakimu.

Ilikwenda siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ikafa, mbili kasorobo. Kuibandua niirudishe nyumbani siwezi, kitu cha wakfu hakirudi kwa mwenyewe. Kubadili betri kunataka ngazi, na ngazi ya msikiti kuna mtu aliiazima, haijarudi. (Ndiyo maana mie mambo ya kuazimana sina imani nayo.) Basi alfajiri mbili kasorobo, Ijumaa mbili kasorobo. Hotuba ikirefuka mtu anainua macho ukutani, anasoma jina langu, anaguna. Feni ikisimama wanalaumu umeme. Saa ikisimama nalaumiwa mie, na babu yangu kaburini.

Na msije mkadhani nina mali. Zaka inataka uwe na thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikukalie mwaka mzima, ndipo utoe asilimia 2.5. Dhahabu ya kwangu ni kipini cha mama watoto, nacho kila Ramadhani kinakwenda kulala kwa mwenye duka la rehani. Niliwahi kuyapitia yale mafungu 8 ya wanaostahiki kupewa zaka, Surat Tawba aya ya 60, nikajikuta nimo katika matatu: maskini, mwenye madeni, na nikishakula nauli ya kurudia, msafiri aliyekwama. Hilo hakuna aliyelitangaza.

Sasa juzi nilikwenda Pongwe kudai pesa yangu. Sikulipwa, tupite. Narudi na baiskeli yangu ya Phoenix, katikati ya mkonge, tairi la nyuma puu! Na mvua imefunga. Magari yakanipita. Likapita moja kubwa jeusi, kioo cha nyuma kimeandikwa maneno ya kumshukuru Mungu, likanirushia matope mpaka kwenye meno.

Akatokea kijana na baiskeli, keria ina magunia mawili ya mkaa. Mzigo ule ukishaushusha huupandishi peke yako, kila mtu Tanga anajua. Akaushusha. Hakuniuliza naswali wapi. Akachomoa tyubu, akatafuta tundu kwa maji ya dimbwi, akasugua kwa jiwe, akapaka gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo. Mie nilishika gurudumu na kutoa ushauri.

Nikatoa elfu mbili, nilizobaki nazo ndizo hizo. Akacheka.

"Kaa nazo, mzee. Nikulipishe nini? Hata pampu si yangu, nimeiazima kwa jirani."

Nikamsaidia kupandisha magunia, kiuno mpaka leo hakijanisamehe. Nikamwambia, "Nitajie jina basi, mwanangu." Ameshakanyaga pedali, kaniinulia mkono tu. Nimwandike kwenye feni gani? Nimpigie takbir kama nani? Wengineo? Madeni yangu yote nawajua wenyewe, hata nikiwaona kwa mbali najua nikate kona ipi. Huyu nitamkwepa vipi?

Na ile pampu ilinikaa kooni. Wiki ileile jirani yangu alimtuma mtoto kuniazima pampu, nikasema imeharibika. Nayo imening'inia nyuma yangu, mtoto anaitazama.

Usiku nikaswali. Nikasoma Surat Maun, sura yangu ya siku zote: aya 7, unaimaliza kabla goti halijalalamika. Nimeikariri chuoni kwa bakora. Siku hiyo nikakwama mwishoni: wanaojionyesha, na wanaozuia maun. Na maun wanazuoni wa zamani wameieleza kuwa ni chungu, ndoo, shoka, vyombo watu wanavyoazimana. Pampu haimo, nikajaribu kujibanza hapo. Padogo.

Barazani nikamuuliza mwenzangu mmoja wa kanisani, tunakunywa naye kahawa kila jioni, kama kwao kutoa kunatangazwa. Akasema wapo wanaotangaza, ila Mathayo sura ya 6 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Nikashtuka, maana na sisi tunayo hadithi hiyohiyo, ya watu saba watakaopata kivuli siku ya Kiyama. Dini mbili zikishakubaliana, utakata rufaa wapi? Na mie mkono wangu wa kushoto ndio ulioshika kopo la rangi.

Jana baada ya isha, hodi. Jirani! Nikaruka, nikaitungua pampu, nikaipangusa kwa kikoi changu mwenyewe.

"Chukua, jirani. Kaa nayo hata mwezi."

Akaitazama, akanitazama.

"Aa, sisi tushanunua yetu. Nimepita tu kukuuliza, saa ngapi?"

Nyuma yake watoto wa mtaa mzima wameziba midomo. Nikachomoa simu kwa hasira, nimpe jibu la kweli limtie haya.

Saa mbili kasorobo.