Sheria iliyomlenga mtu mmoja: Willie Brown na ukomo wa ubunge California

Novemba 1990 wapigakura wa California walipitisha Pendekezo namba 140 kwa asilimia 52 hivi ya kura. Lilibadili katiba ya jimbo: mbunge wa baraza la chini mihula 3 ya miaka 2, seneta mihula 2 ya miaka 4, kisha basi, ukishaimaliza huruhusiwi kurudi kwenye baraza hilo maisha yako yote. Pensheni ya ubunge ikafutwa kwa wanaoingia, na bajeti ya bunge ikakatwa karibu asilimia 40. Jina la Willie Brown halikuwamo kwenye waraka huo, lakini hakuna aliyejiuliza analengwa nani.

Wakati ule Brown, Mdemocrat, alikuwa na miaka 10 kwenye kiti cha Spika wa baraza la chini. Alizaliwa Mineola, Texas, mwaka 1934, ubaguzi wa rangi ukiwa ndiyo sheria. Alihamia San Francisco 1951, akasomea sheria, akagombea ubunge 1962 akashindwa, akarudi 1964 akashinda. Mwaka 1974 aliwania uspika akaangushwa na Leo McCarthy wa chama chake mwenyewe. Alipoupata, Desemba 1980, Wademocrat walikuwa wamegawanyika kambi mbili zinazokamiana. Yeye akapita katikati na kwenda kuzungumza na wapinzani: kura 28 za Warepublican, 23 za Wademocrat. Jumla 51, na katika baraza la watu 80 zinatosha 41.

Kilichomdumisha hapo miaka 14 na nusu ni mambo ya kawaida kabisa. Spika aligawa uenyekiti wa kamati, alipanga nani akae kamati ipi, nani apate ofisi kubwa na wasaidizi wangapi. Tena alichangisha fedha za kampeni na kuwagawia wagombea wa upande wake, kwa hiyo wengi waliingia bungeni tayari wana deni kwake. Wademocrat watano walipomwasi mwaka 1988, walipokonywa nafasi zao kwenye kamati. Mwenyewe alijiita Ayatollah wa bunge, na utani huo haukuwa utani mtupu.

Waliotaka ukomo hawakukosa hoja. Septemba 1987, kwenye mgahawa wa Frank Fat's karibu na jengo la bunge, mawakili, madaktari, kampuni za bima na wenye viwanda walikubaliana kuhusu sheria ya fidia kwa walioumizwa. Seneta Bill Lockyer aliandika vipengele vya makubaliano kwenye leso ya mezani, na muswada ukapita katika saa za mwisho za kikao, ukiwa na majina ya Brown na Lockyer. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichozikinga kampuni za tumbaku dhidi ya kesi za wavutaji. Hakikuondolewa hadi 1997. Wabunge wa kawaida walipigia kura kitu kilichokwisha kuamuliwa mezani. Miaka hiyohiyo FBI walibuni kampuni za uongo za kusindika kamba wa baharini, wakatafuta wabunge wa kuwapitishia muswada, na mwaka 1988 wakapekua ofisi bungeni. Baadhi ya waliokula hongo walifungwa. Brown hakushtakiwa.

Ila tazama alivyozitumia siku zake za mwisho. Warepublican walishinda viti 41 mwaka 1994. Brown akampata mmoja wao, Paul Horcher, naye Horcher akajitoa chamani na kumpigia Brown kura ya uspika: 40 kwa 40. Januari 1995 Mrepublican mwingine, Richard Mountjoy, aliondolewa kwa kuwa alikwisha kuchaguliwa seneta, na Brown akashinda 40 kwa 39. Kwa mpinzani wake huo ni ujanja wa aibu. Kwa mtu anayejua kazi ya bunge, ndiyo kazi yenyewe: kuhesabu kura, kujua kanuni, kujua kila mtu anataka nini. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya wiki mbili.

Hapo ndipo miaka 6 inapokwama. Mwaka wa kwanza mbunge anajifunza njia ya muswada: kamati ya mada, kamati ya matumizi, ukumbini, kisha Seneti na gavana. Mwaka wa pili ana uchaguzi wa mchujo. Wa tano ameanza kutafuta kiti kingine. Fabián Núñez alikuwa Spika mwaka 2004, akiwa bado katika muhula wake wa kwanza. Tangu Brown aondoke Juni 1995 hadi Machi 2010, kiti hicho kilikaliwa na watu 10. Anayebaki jengoni wakati wote huo ni mshawishi wa kampuni na ofisa wa serikali.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, lililoumiza zaidi si ukomo bali kukatwa bajeti. Wachambuzi waliokuwa wakihoji makadirio ya gavana walipunguzwa, na ofisi ya mkaguzi wa bunge ikafungwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata ikabidi iundwe nyingine mahali pake. Mbunge mgeni bila mtaalamu wake ataazima wa mtu mwingine, na wa kuazima ana tajiri wake.

Upande wa pili, wanaosema wageni hawatungi sheria nzito wanasahau kuwa Núñez huyohuyo ndiye aliyepitisha sheria ya kupunguza hewa chafu mwaka 2006. Viti vilivyoachwa wazi pia viliingiza Walatino na wanawake wengi zaidi, ingawa mipaka mipya ya majimbo ya uchaguzi ya mwaka 1992 inastahili sehemu ya sifa hiyo. Na Spika wa kwanza mweusi California alikuwa Brown, kabla ya ukomo wowote.

Brown mwenyewe aliondoka kabla sheria haijamfikia: Desemba 1995 alichaguliwa meya wa San Francisco, akakaa miaka 8. Mwaka 2012 wapigakura waliilegeza: jumla miaka 12, yote kwenye baraza moja ukitaka. Anthony Rendon, aliyeingia mwaka huohuo, aliupata uspika 2016 na kuushika hadi 2023, muda mrefu kuliko yeyote tangu Brown.