Viatu vipya Januari, magoti Februari

Kila Januari mji wa Moshi hujaa raba mpya. Sijui hela hutoka wapi, maana ada za shule zinakuwa zimeshabisha hodi, lakini ukipita barabara ya Mweka saa kumi na mbili asubuhi utaziona, zinang'aa, nyingine za rangi ya kuumiza macho. Ikifika katikati ya Februari, siku chache kabla ya Kilimanjaro Marathon, wenye raba hizo ndio utakaowakuta wakishuka ngazi kwa upande, mkono umeshika ukuta.

Hapo maelezo hayakosekani. Mmoja atasema raba ni feki, mwingine atasema ni umri. Yupo pia wa "vumilia, goti litazoea", na huyo ndiye nisiyemwelewa kabisa.

Kiatu kinaweza kuwa halisi, cha bei mbaya, na bado kikakuumiza, kwa sababu kimehamisha mzigo. Mkimbiaji anapotua, mguu hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anatua na kilo 140 mpaka 210, kila hatua. Raba nyingi za kawaida kisigino chake kimeinuka milimita 10 hadi 12 kuliko sehemu ya vidole. Siku hizi zipo za milimita 4, zipo za sifuri. Ukitoka kwenye 12 ukaingia kwenye 4, goti linapata nafuu kidogo, lakini kigimbi, kano ya kisigino na kifundo vinabeba kazi ambayo havijawahi kuifanya. Ukienda kinyume chake, goti ndilo linaloongezewa. Ndiyo maana mtu akiniambia anaumwa, kabla ya kuuliza bei ya kiatu namuuliza anaumwa wapi, na alikuwa anavaa nini mwezi uliopita.

Dada mmoja wa kikundi chetu kifundo kilimsumbua hivyo hivyo. Nikamuuliza raba za zamani ziko wapi. Alishampa mdogo wake, siku ile ile aliyonunua mpya! Tunafanya hivyo wengi, na ndicho kinachotuponza. Kiatu kipya kinatakiwa kianze na mbio fupi, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu au nne, huku ile ndefu ya Jumapili ikiendelea na cha zamani.

Sasa ongeza mlima. Njia ya kilomita 21 ya Kilimanjaro Marathon inapanda kuelekea Mweka kisha inageuza. Kila mtu anaogopa kupanda, lakini magoti huharibikia kwenye kushuka, pale misuli ya paja inapofunga breki huku inavutwa. Kujaribu kiatu kigeni kwenye mteremko ule ni kujitafutia.

Mitumba nayo ina mambo yake. Mimi ni mteja wa soko la Memorial na sioni aibu. Lakini raba ya kukimbilia kwa kawaida huhesabiwa maisha ya kilomita 500 hadi 800, na hiyo uliyoishika hujui mwenyewe wa kwanza alikimbia ngapi. Juu inaweza kuwa safi, ndani soli imeshakufa. Iweke mezani, itazame kwa nyuma usawa wa kisigino. Ikiwa imelalia upande mmoja, irudishe, hata kama muuzaji ameshakuita "bosi" mara kumi.

Kuhusu raba zile zenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli, vijana wamemwona Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu akitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, na wanataka viatu vya mabingwa. Mabingwa wana miguu iliyoandaliwa miaka mingi. Madaktari wa michezo wameshaeleza wakimbiaji waliopata ufa kwenye mfupa wa katikati ya wayo baada ya kukimbilia viatu vya aina hiyo.

Kinachonitisha zaidi ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Mtu anakwenda duka la dawa, anameza vidonge viwili, anaingia barabarani. Maumivu yamezimwa, jeraha linaendelea, na kumeza dawa hizo huku unatoka jasho kwa saa mbili kunaweza kuumiza figo. Goti likivimba, likikwama, au likikuuma hata usiku umelala, hiyo si kazi ya duka la dawa. Moshi tuna hospitali ya KCMC, na palepale kuna TATCOT, chuo kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia miguu tangu 1981. Watu wanatoka nchi nyingine kuja kusoma hapo, sisi tunapita getini tukichechemea.

Raba mpya mimi nanunua baada ya mashindano, nikiwa na miezi mbele yangu. Anayeniuliza leo akimbilie ipi Februari, namwambia ile ya zamani, hata kama haitapendeza kwenye picha.